Shajara ya mradi: daftari la vitabu vilivyoazimwa

Siku ya 1

Rafu yangu ya vitabu inapungua na sijauza hata kimoja. Watu wanaazima, wanasahau kurudisha, nami nasahau nilimpa nani. Nilikuwa na karatasi ya kumbukumbu. Nayo imepotea, na nina wasiwasi iko ndani ya kimojawapo cha vitabu vilivyoazimwa.

Mradi basi ni huu: programu ndogo inayojua kitabu kipi kiko kwa nani, tangu lini, na kipi kimepitisha siku zake. Sijawahi kuandika programu maishani. Nitajifunzia hapa hapa, na nitaandika kila kinachonikwaza, kwa sababu nikijua baadaye nitajifanya kwamba tangu mwanzo mambo yalikuwa mepesi.

Siku ya 2 hadi ya 8

Nimesoma mabishano ya lugha za programu mpaka macho yamechoka. Kila mtu anapendekeza ile aliyoanza nayo, na kila mmoja ana sababu za kutosha. Sasa najua kwamba C aliiunda Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba Python ya kwanza ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, na kwamba Brendan Eich aliitengeneza JavaScript ya awali kwa siku kumi mwaka 1995. Siku kumi! Mimi ya kwangu ya nane hii na bado nachagua. Najua tarehe za kuzaliwa za lugha zote na siwezi kuandika mstari mmoja katika yoyote.

Siku ya 9

Nimemuuliza kaka mmoja ambaye ameishi kwa kazi hii miaka mingi. Nilimwendea na jedwali: lugha upande mmoja, sifa upande wa pili. Hakulitazama.

"Umeandika mistari mingapi mpaka leo?"

"Bado, kaka. Nachagua lugha kwanza."

"Basi chukua hizo tatu unazozitaja sana. Kosea katika zote tatu, kosa lile lile. Halafu uniambie ipi ilikujibu vipi."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Kila mafunzo niliyosoma yanaanza na kuandika salamu kwenye skrini. Akasema salamu inafanana kila mahali na haikufundishi kitu. Utatumia siku nyingi zaidi ukiwa umekosea kuliko ukiwa umepatia, kwa hiyo uchunguze unakwenda kuishi na nani siku hizo.

Siku ya 10 hadi ya 13

Kosa nililochagua ni la mtu mgeni kabisa. Programu inauliza: kitabu kinaazimwa kwa siku ngapi? Mtu anaandika 14. Mimi nataka kumwongezea siku 7 za huruma kabla sijaanza kumdai, kwa hiyo najumlisha 14 na 7. Tatizo ni kwamba kile mtu alichoandika kwa kibodi kimeingia kama maandishi, herufi "1" ikifuatwa na herufi "4", na mimi sijaigeuza kuwa namba.

Nilianza na JavaScript kwa sababu haikuhitaji kusakinisha chochote. Kivinjari kinayo tayari. Nikaiomba jibu, ikanipa bila kusita: 147. Imeyabandika maandishi na namba, 14 ikashikana na 7. Haikulalamika. Kama nisingekuwa natafuta kosa, mtu angeondoka na kitabu changu kwa siku 147 na mimi ningempungia mkono. Nikajaribu kutoa badala ya kujumlisha: 14 toa 7, ikasema 7. Yaani maandishi yale yale, kwenye alama ya kujumlisha inayaona maandishi, kwenye alama ya kutoa inayaona namba. Nilikaa na hilo kwa muda.

Python nayo ikakataa. Ikaniambia mstari wa ngapi, ikanionyesha mstari wenyewe, kisha chini kabisa:

TypeError: can only concatenate str (not "int") to str

Kwa Kiswahili changu: maandishi yanaunganishwa na maandishi, wewe umeniletea namba. Ilinichukua dakika tano kuuelewa ujumbe huo na dakika moja kurekebisha, nikayafunika yale maandishi kwa int( ), inayoyageuza kuwa namba. Ikatoa 21.

C ilinishinda nguvu, na hapa ndipo nilipotumia siku mbili kati ya nne. Nilitenga nafasi ya herufi ishirini, nikaipa jina `siku`, nikapokea "14" humo, nikaandika siku + 7, nikaagiza ichapishwe kama maandishi. Kompaila, chombo kinachogeuza nilichoandika kuwa programu inayoendeshwa, ikapita kimya kimya. Programu ikaendeshwa. Ikachapisha mstari mtupu.

Mstari mtupu! Nikarudia. Mtupu. Nikampigia kaka. Akacheka, kisha akanieleza polepole: katika C, jina la ile nafasi ya herufi linasimama badala ya anwani yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukiandika siku + 7 umeiambia isogee hatua saba mbele ya pale "14" inapoanzia, isome kilichopo. Imesogea, imesoma. Kilichokuwepo ni mabaki tu.

"C haikukosea," akasema. "Ulisema hivyo, ikafanya hivyo."

Alinionyesha pia kwamba kompaila inaweza kuambiwa iwe mkali: unaiongezea -Wall na -Wextra ikupe maonyo, na -fsanitize=address ili programu ikivuka mpaka wa nafasi iliyotengewa isimamishwe na ushahidi. Lakini kosa langu hili halivuki mpaka, hatua saba zimo ndani ya ishirini, kwa hiyo hata hiyo isingenisaidia. Siichukii C. Nimeona tu kwamba inamtegemea mtu anayejua tayari, na mimi bado sijawa mtu huyo.

Uamuzi: Python. Imenikatalia mapema na kuniambia wapi. Kasi, ajira, umaarufu, yale yote niliyoyapanga kwenye jedwali, hayakuingia.

Siku ya 14

Vifaa. Jioni nzima imekwenda kwenye kihariri, yaani mahali pa kuandikia programu, tena kikubwa ambacho kila mtu anakisifia, Visual Studio Code. Nimesakinisha viongezo kumi na kimoja. Nimebadilisha rangi mara nne. Nikiandika herufi mbili kinanimalizia neno, mara nyingine mstari, na mara mbili kimenimalizia jambo ambalo sikulikusudia nami nikalikubali kwa kuwa lilikuwa limepangika vizuri.

Sijaandika mstari wowote wa mradi leo.

Siku ya 15

Nimehamia Thonny, kihariri kidogo kilichoanzia Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Kinakuja na Python yake ndani. Jambo lililoniteka ni moja: unaweza kuiendesha programu hatua kwa hatua, na pembeni kuna jedwali la vigeu, yaani majina yanayobeba thamani, linalobadilika mbele ya macho yako. Niliona kigeu `siku` kikiwa '14' na alama za nukuu, kisha hatua moja baadaye kikawa 14 bila nukuu. Ile TypeError ya juzi nilikuwa nimeifahamu kwa kichwa, leo nimeiona.

Ile kubwa sijaifuta. Imekaa ikisubiri siku ambayo nitaihitaji.

Siku ya 17

Uamuzi mdogo ambao umenigharimu asubuhi: vigeu nivipe majina ya Kiingereza au ya Kiswahili? Maneno ya lugha yenyewe, if, for, while, hayabadiliki. Lakini majina ni yangu. Nimechagua Kiswahili: `kitabu`, `aliyeazima`, `tarehe`, `siku_zilizopita`. Nikisoma msimbo wangu, yaani maandishi ya programu, sasa najua papo hapo lipi ni la Python na lipi nimelibuni mwenyewe, maana yako katika lugha mbili tofauti. Mgeni wa fani hufaidi hilo kuliko anavyodhani.

Siku ya 18

Ng'.

Nilikuwa naandika orodha ya majaribio ya vitabu, kimojawapo cha watoto chenye neno ng'ombe kwenye jina lake. Nilikuwa nimezoea kufunga maandishi kwa nukuu moja moja, hivi: 'ng'ombe'. Python ikaona maandishi yanaanza, yana herufi n na g, yamefungwa. Kisha likafuata neno ombe linaloelea na nukuu nyingine iliyofunguliwa isifungwe. Kosa la sarufi.

Waliounda hizi nukuu hawakuwa na ng' akilini. Dawa ni nyepesi, nukuu mbili mbili: "ng'ombe". Kuanzia leo maandishi yangu yote ni nukuu mbili, na nashangaa kwamba katika mabishano yale yote ya siku saba hakuna aliyelitaja. Ng'ambo, ng'oa, king'ang'anizi: mtu anayeandika programu kwa maneno yetu atalikuta hili wiki ya kwanza.

Siku ya 20

Programu inauliza kitabu, aliyeazima na tarehe, inahifadhi kwenye faili. Nimechagua faili la maandishi la mtindo wa CSV, mstari mmoja kwa kila kitabu, sehemu zikitengwa na mkato. Kaka alitaja SQLite, hifadhidata ambayo Python inakuja nayo tayari, lakini vitabu vyangu ni thelathini na moja. Faili naweza kulifungua na kulisoma kwa macho, na kwa sasa hilo linanifaa zaidi.

Kasoro: kitabu chenye mkato ndani ya jina lake kimegawanyika vipande viwili, na sehemu ya pili ya jina imeandikwa kama mtu aliyeazima. Nilikuwa naukata mstari kila palipo na mkato. Kumbe Python ina maktaba ya kazi hiyo, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa tayari, inaitwa csv, nayo hulifunga jina la namna hiyo kwa nukuu. Kesho.

Siku ya 21 na 22

Hizi ni siku mbili nisizozisahau, na zimenipunguzia majivuno niliyokuwa nayo juu ya lugha niliyochagua.

Nilifungua faili jipya la kujaribia maktaba ya csv. Nikalipa jina. Jina gani? csv.py, lipi tena. Ndani yake mistari michache: agiza csv (import, yaani ilete maktaba ndani ya programu), fungua faili, soma kwa csv.reader. Nikaendesha. Python ikasema kwamba moduli csv, yaani hiyo maktaba, haina kitu kinachoitwa reader, na kwamba imepakiwa nusu, yaelekea kwa sababu ya uagizaji wa mduara.

Mduara gani? Nina faili moja. Nimesoma kuhusu uagizaji wa mduara jioni nzima, mambo ya faili A kuliagiza B na B kuliagiza A, nikawa natafuta B yangu iko wapi. Nikaiondoa Thonny nikaisakinisha upya. Nikadhani maktaba imeharibika. Siku ya pili, karibu na kukata tamaa, nikasoma ujumbe wote kuanzia juu badala ya mstari wa mwisho pekee. Jina la faili langu, csv.py, lilikuwa limetajwa mara mbili. Mara ya kwanza kama faili linaloendeshwa. Mara ya pili kama faili lililoagizwa.

Ikanijia. Python ikiambiwa iagize csv, hutafuta kwanza kwenye folda ya programu inayoendeshwa, kabla ya kufika kwenye maktaba zake. Kwenye folda hiyo kulikuwa na csv, ya kwangu. Faili langu lilikuwa linajiagiza lenyewe. Mduara ulikuwepo kweli: wa mtu anayejitafuta kwenye kioo.

Nimelibadilisha jina likawa jaribio_la_faili.py, na kila kitu kikaenda. Ujumbe haukuwa wa uongo, ila ulinielekeza kwenye maradhi ambayo mtu wa siku ya 21 hayajui. Na jibu lilikuwa limeandikwa mistari mitatu juu. Nimejiwekea utaratibu: nausoma ujumbe wote, na majina ya faili kabla ya maneno.

Siku ya 24

Nimeinakili programu kwenye kompyuta ya zamani ya nyumbani, ili mdogo wangu naye aitumie. Huko kuna Python 3.8. Nikiwa natengeneza kitu nikasahau kufunga bano la orodha ya vitabu. Ikasema kosa la sarufi, ikanyooshea kidole mstari unaofuata, ambao haukuwa na dhambi yoyote. Nimeukagua mstari ule mpaka nikaujua kwa moyo.

Nikahamisha faili lile lile kwenye kompyuta yangu yenye toleo jipya. Ikasema: '[' was never closed, na ikaelekeza pale pale bano lilipofunguliwa. Kosa moja, lugha moja, matoleo mawili, majibu mawili. Nimekuja kujua kwamba kuanzia toleo la 3.10, la mwaka 2021, waundaji waliutengeneza upya usemi wa makosa kwa makusudi. Ukikosea jina la kigeu kwa herufi moja inakuuliza kama ulimaanisha lile lingine. Kwa hiyo ushauri wa "anza na Python" una nusu yake iliyofichwa: ipi? Kompyuta ya nyumbani nimeisasisha usiku huo huo.

Siku ya 27

Git, chombo kinachotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Nilikuwa na mafaili daftari.py, daftari2.py, daftari2_nzuri.py na daftari_ya_kweli.py, na lililokuwa linafanya kazi ni daftari2.py. Linus Torvalds aliianza Git mwaka 2005 kwa ajili ya kuutunza msimbo wa Linux, mradi wa maelfu ya watu; mimi naitumia kwa faili moja na mtu mmoja, amri tatu tu: add, commit, log. Inatosha.

Siku ya 29

Nimejaribu kumwomba msaidizi wa akili mnemba aniandikie sehemu ya ripoti ya waliochelewa. Aliandika mistari arobaini kwa kufumba na kufumbua na ilifanya kazi. Jioni nilitaka kubadilisha siku za huruma kutoka 7 kuwa 10, nikashindwa kuona pa kugusa. Programu yangu, na mimi mgeni ndani yake. Nimeifuta, nikaandika yangu ya mistari kumi na tano, mibovu kidogo. Kwa sasa namtumia kwa kazi moja: kunifafanulia ujumbe wa kosa, baada ya mimi kujaribu kwanza.

Siku ya 31

Tarehe. Nilikuwa nazihifadhi kama tunavyoandika, siku kwanza: 12/1/2025, 3/2/2025. Nikaipanga orodha kuanzia ya zamani. Tarehe 12 Januari ikaja kwanza, nikafurahi. Nikaongeza ya 20/11/2025 nayo ikatangulia 3/2/2025. Zilikuwa zinapangwa kama maandishi, herufi kwa herufi, na herufi 2 iko mbele ya 3. Ile furaha ya kwanza ilikuwa bahati.

Kuna kanuni ya kimataifa, ISO 8601, inayoandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-02-03. Tarehe ya namna hiyo hata ikipangwa kama maandishi inakaa sawa. Nimegeuza faili lote, na hesabu ya siku imekuwa mstari mmoja:

`siku_zilizopita = (date.today() - date.fromisoformat(tarehe)).days`

Huu ndio mstari wa 41. Ni mstari nilioupenda kuliko yote mpaka sasa.

Siku ya 34

Mama ameketi kwenye kompyuta ya nyumbani kuandika kitabu anachochukua. Akaandika tarehe kama inavyoandikwa na binadamu, 3/2/2025. Skrini ikajaa maandishi mekundu ya Kiingereza, mistari saba, mwisho wake ValueError.

Akaondoa mikono kwenye kibodi kama aliyeshika moto. "Mwanangu, nimeiharibu?"

"Hapana, Mama. Hujaharibu."

Mwezi mzima nimekuwa nikipima lugha kwa namna zinavyoniambia nimekosea. Na hii yangu, mara ya kwanza mtu amekosea mbele yake, imemtisha mama yangu mzazi. Nimekesha. Tarehe isiyoeleweka sasa inajibiwa hivi: "Tarehe hiyo sijaielewa. Iandike kwa kuanza na mwaka, mfano 2025-02-03. Hakuna kilichoharibika." Sentensi ya mwisho haimo kwenye mfano wowote niliousoma.

Siku ya 35

Mama amerudi, ameandika vitabu vitatu. Programu inadai walioazima ni watu watatu: "Mama", "mama", na "Mama " mwenye nafasi ya ziada mwishoni. Kabla ya kuhifadhi jina sasa nalipunguza nafasi za pembeni kwa strip( ) na kulinganisha kwa herufi ndogo. Mama amekuwa mmoja tena.

Siku ya 38

Ripoti ya kwanza kamili. Vitabu 31, vilivyo nje 9, vilivyochelewa 4. Anayeongoza ni mdogo wangu, siku 212.

Nimemwonyesha. Ameitazama skrini, akanitazama mimi. "Kaka, programu yako ina hitilafu."

Nimeukagua mstari wa 41 mara mbili, nikauendesha hatua kwa hatua kwenye Thonny, nikahesabu kwa kalenda na kidole. Ni 212. Kesho itakuwa 213.